Upote, Wano na Kigumba: Uhakiki wa Orodha ya Istilahi za Kuwindia kwa Upinde

Orodha inayohakikiwa hapa ilitufikia ili itolewe maoni kabla ya kusanifiwa. Ni kurasa chache zilizopigwa chapa vizuri, zenye safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, na mada yake ni uchaguzi wa zana za kuwindia kwa upinde. Ofisi iliyoiandaa hatuitaji jina, maana makusudi yetu ni kuyapima maneno, wala si kumwaibisha mtu. Utangulizi wake wasema kwamba itatumiwa na maofisa wa wanyamapori, wakalimani wa mahakama na walimu, na mahali palipotolewa kuwa mfano ni Mkoa wa Singida, hususan Wilaya ya Mkalama, ambako Wahadza wa Munguli katika bonde la Ziwa Eyasi wangali wanaishi kwa upinde.

Jambo lenyewe si dogo kama ukubwa wa orodha unavyoweza kumdanganya msomaji. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na tangu hapo Kiswahili kikatajwa kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Kabla ya hapo mfasiri aliyekosea alikuwa na kichaka cha kujifichia: matini ya Kiingereza ndiyo iliyokuwa na nguvu, na neno la Kiswahili lilikuwa msaada tu kwa asiyejua. Sasa mtu akisomewa shitaka Kiomboi au Nduguti, neno lililoandikwa ndilo atakalojibu. Ikiwa hati yasema alikutwa na silaha yenye sumu, ilhali alichokuwa nacho ni mshale wa mti mtupu wa kupigia ndege, basi si lugha pekee iliyokosewa.

Hukumu yetu juu ya orodha nzima ni hii. Waandishi wake wamefanya bidii, na tahajia yao haina dosari kubwa. Ila wameanzia mahali pasipofaa. Wamechukua kitabu cha maduka ya Ulaya na Marekani, chenye kumwelekeza mnunuzi achague nini rafuni, wakakigeuza Kiswahili neno kwa neno. Kisha wakatazamia kwamba maneno yaliyopatikana yatamfaa mtu ambaye zana zake hazitoki rafuni, bali hutoka porini na mikononi mwake. Uchaguzi wa mwindaji wa Munguli upo, tena ni uchaguzi wa makini sana. Lakini haufuati mafungu ya dukani, na istilahi zisizofuata mafungu yake haziwezi kumwelezea.

Tuanze na neno *jadi*, ambalo limetapakaa katika orodha yote: upinde wa jadi, mshale wa jadi, uwindaji wa jadi, hata kamba ya jadi. Katika Kiingereza cha leo neno hilo lina kazi maalumu. Mwaka 1966 Mmarekani Holless Wilbur Allen aliomba hataza ya upinde wenye magurudumu madogo katika ncha zake, akaipata mwaka 1969. Upinde huo ukishavutwa mpaka mwisho humpunguzia mvutaji mzigo wa kuushikilia, kwa hiyo ulienea haraka miongoni mwa wawindaji wa kwao. Wale waliobaki na upinde wa mti mmoja na uzi mmoja wakahitaji kivumishi cha kujitenga na wenzao, ndipo likaja neno hilo. Yaani hapo *jadi* ni alama ya kubagua bidhaa mbili zinazouzwa duka moja. Katika Mkalama hakuna bidhaa ya pili. Ukisema *upinde*, kila mtu amekwisha kuelewa. Ukiongeza *wa jadi* hujaongeza maana, umeongeza harufu ya makumbusho, kana kwamba mwenye upinde ni mtu wa kale aliyesahauliwa na wakati.

Anayehitaji kivumishi ni mgeni, wala si mwenyeji. Upinde wa Allen umeitwa katika orodha *upinde changamano*, neno ambalo lingefaa hesabu au sarufi. Mabaharia na mafundi wetu wana neno *roda*, yaani gurudumu lenye mfuo ambamo kamba hupita ili kupunguza mzigo, na hiyo ndiyo kazi hasa ya magurudumu yale. *Upinde wa roda* ni jina ambalo hata mtu asiyepata kukiona chombo hicho ataweza kukikisia umbo lake.

Kosa la pili laelekea kuwa na madhara zaidi. Orodha haikuamua kama vitu hivi ni *silaha*, ni *zana* au ni *vifaa*. Katika ukurasa wa kwanza ni vifaa. Katika wa pili vimekuwa silaha za jadi. Mwishoni ni zana. Maneno haya matatu si pacha. *Vifaa* ni neno pana mno, lenye kuchukua kalamu na sufuria pia. *Silaha za jadi* ni maneno yanayosikika kila siku katika taarifa za polisi na magazeti, nayo huja na mapanga, marungu na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Msikilizaji akiyasikia humwona mtu aliyekusudia kumdhuru mtu mwingine. *Zana* hutaja chombo kwa kazi yake: zana za kilimo, zana za uvuvi. Ni kweli kwamba zana za vita nazo zipo, lakini hapo ni neno *vita* linaloleta vita, wala si *zana*.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1974, inauhesabu upinde na mshale katika tafsiri yake ya silaha, pamoja na bunduki, mkuki, shoka, hata jembe. Kwa hiyo mfasiri wa sheria hana hiari. Pale ambapo sheria imesema silaha, aandike silaha. Lakini orodha hii si sheria. Ni kitabu cha kueleza mambo, na pale ambapo hakuna kosa lililotajwa, neno *zana za kuwindia* latosha na ni la haki. Tungependekeza mpaka huo uandikwe wazi katika utangulizi, ili mkalimani ajue lini anasema kwa kinywa cha sheria na lini kwa kinywa chake.

Sasa tuingie katika chombo chenyewe. Hapa orodha imetusikitisha kwa namna ya pekee, maana imefanya kama Kiswahili hakijapata kuona upinde. Tumepewa *kamba ya upinde*, *kijiti cha mshale*, *kichwa cha mshale*, *mfuko wa mishale* na *mabawa ya mshale*. Msomaji atadhani kwamba lugha hii ilizaliwa mjini. Kumbe kamusi zetu zimehifadhi *upote* kwa uzi wa upinde, *wano* kwa mti wa mshale, *kigumba* na *chembe* kwa ncha yake ya chuma, *podo* na *ziaka* kwa mahali pa kuwekea mishale. Upinde wenyewe una jina la pili, *uta*, ambalo wingi wake *mata* lingali hai katika tungo za zamani. Tena *uta* si neno la pwani peke yake. Mkikuyu na Mkamba husema uta, Msukuma husema buta; ni neno moja la ukoo wa Kibantu lililosafiri pamoja na watu tangu kale. Mwalimu wa Singida akiliweka ubaoni mbele ya watoto wa Kinyaturu na Kinyiramba, atakuwa anawaonyesha ndugu wa lugha zao.

Hatusemi kwamba kila neno la zamani lifufuliwe. Mfufuaji wa maneno naye yafaa awe na kiasi. *Mvi*, jina la kale la mshale, limeshindwa na nywele nyeupe za wazee, nasi hatuoni faida ya kulirudisha ugani. *Ziaka* na *podo* ni mawili kwa kitu kimoja. *Podo* lajulikana zaidi, basi na lichukuliwe hilo, na *ziaka* liachiwe washairi. Kati ya *chembe* na *kigumba* tunachagua *kigumba* bila kusitasita, maana *chembe* limekwisha kupewa kazi nyingi mno: chembe za mchanga, chembe za nafaka, chembe hai za mwalimu wa biolojia. Istilahi ikibeba mizigo mingi kiasi hicho, huangusha mmoja njiani. *Wano*, wingi wake *mawano*, halina mshindani. *Upote*, wingi wake *pote*, lina shida ndogo kwamba wingi wake wafanana na *pote* la mahali. Lakini upinde mmoja hauhitaji pote nyingi, na muktadha utamwokoa msomaji.

Kuhusu *mabawa ya mshale* hatuna la kusamehe. Ndege ana bawa, na bawa lina manyoya. Mshale hufungwa manyoya. Wahadza hutumia ya kanga na ya tumbusi, nao huyafunga kwa kano. Aliyeandika *mabawa* hakuutazama mshale.

Yupo atakayeuliza, je, maneno kama wano na kigumba hayatamtisha msomaji wa kawaida? Swali hili liliwahi kuulizwa kwingine. Mwaka 1545 Mwingereza Roger Ascham, mwalimu wa Cambridge, alitoa kitabu kiitwacho Toxophilus juu ya kupiga upinde. Wasomi wa wakati wake waliandika Kilatini, naye alikiri kwamba Kilatini au Kigiriki kingemwia rahisi zaidi. Lakini akaandika Kiingereza, lugha ya watu aliowakusudia. Ndani yake aliuchambua mshale katika sehemu tatu, mti, manyoya na ncha, kila moja kwa jina lake la mafundi, akaeleza ubora na kasoro za kila moja. Hakuyakimbia maneno ya mafundi eti kwa kuwa mabwana wa mjini hawakuyazoea. Mwaka uleule manowari Mary Rose ilizama karibu na Portsmouth. Ilipoinuliwa mwaka 1982, baharini mlitoka pinde zaidi ya 130 na mishale kwa maelfu, na wataalamu waliokuja kuzieleza walikuta majina ya sehemu zake yamekwisha kuandikwa karne nne nyuma. Sisi tunayo majina katika kamusi, nasi tunaandika *kijiti*.

Sehemu iliyo nzito kuliko zote ni ile inayohusu uchaguzi wenyewe, kwa kuwa ndiyo mada iliyotangazwa. Orodha inagawa mishale mafungu mawili: *mshale wa mazoezi* na *mshale wa kuwindia*. Mgawanyo huu ni wa mtu anayefanya mazoezi uani kwake siku za juma na kwenda kuwinda likizo ikifika. Kwa Mhadza mgawanyo hauanzi na siku, unaanza na mnyama. Mshale wa mti mtupu, ambao ncha yake imechongwa katika mti uleule wa wano, ni wa ndege na wanyama wadogo. Mshale wenye kigumba cha chuma kipana, bila sumu, ni wa wanyama wakubwa kidogo. Mshale wenye kigumba chenye sumu ndio wa wanyama wakubwa, hata twiga. Mwindaji hubeba aina hizi pamoja, na mnyama akitokea, mkono huchagua. Hapo ndipo penye uchaguzi wa zana, na katika orodha hapakutajwa kabisa.

Tunapendekeza, basi, majina matatu yaliyo wazi: *mshale mtupu*, *mshale wa kigumba* na *mshale wa sumu*. Hayana madoido, lakini kila moja laonyesha kitu ambacho ofisa anaweza kukitambua kwa macho na hakimu anaweza kukiuliza. Yakichanganywa, hasara humwangukia mtu mmoja tu. Sheria ya 2009 inazuia uwindaji wa kutumia silaha zilizotiwa sumu. Basi tofauti kati ya jina la pili na la tatu yaweza kuwa tofauti kati ya kosa moja na jingine. Orodha inayoita yote *mshale wa kuwindia* inamnyima mshitakiwa utetezi na inamnyima mwendesha mashitaka ushahidi, kwa neno moja.

Mshale wa sumu unadai istilahi nyingine ambayo orodha haikuigusa. Kigumba chake hakikai moja kwa moja juu ya wano. Hukaa juu ya kipande kifupi cha mti, na kipande hicho ndicho kinachochomekwa katika wano. Sumu hupakwa nyuma ya kigumba na kuzungushiwa ukanda wa ngozi, ili isikauke na isimdhuru mwenye kuibeba. Mnyama akikimbia, wano laweza kuchomoka na kuanguka, lakini kile kipande hubaki mwilini pamoja na meno ya kigumba yaliyoelekezwa nyuma, na sumu huendelea na kazi yake. Kipande hicho tunakiita *kiwano*, kwa njia ya kawaida ya ki- ya udogo. Kwa ile miiba ya chuma, *meno ya kigumba* latosha, kama tusemavyo meno ya msumeno.

Hapa tusimame kidogo kwenye sumu yenyewe, maana orodha imeipitia kwa maneno mawili tu, *sumu ya kienyeji*, na maneno hayo mawili ni aibu. *Kienyeji* ni kivumishi cha kuku. Hakisemi sumu imetoka wapi, inafanyaje kazi, wala inatofautianaje na nyingine. Wahadza wanazo sumu mbili zilizoandikwa na watafiti, na kila moja ina jina. *Panjube* hutoka katika utomvu wa kile kichaka chenye shina nene lililotuna na maua ya rangi ya waridi, ambacho wataalamu wa mimea hukiita Adenium obesum. *Shanjo* hutoka katika mbegu za mmea mwingine, Strophanthus eminii. Moja ya utomvu, moja ya mbegu. Atakayeziita zote sumu ya kienyeji na aeleze kwa nini anatenga kahawa na chai.

Sayansi ya dunia haikuona haya kuyachukua majina ya aina hii. Katika msafara wa Livingstone wa Zambezi, mtaalamu wa mimea John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Unguja, aligundua kwamba mswaki wake ulioguswa na sumu ya mishale ulimpunguzia mapigo ya moyo. Mmea wake uliitwa Strophanthus kombe, kwa jina la sumu walilolitumia wenyeji wa huko, na katika chuo cha Edinburgh, Thomas Fraser akatoa ndani yake dawa ya moyo iitwayo strofanthini. (Kombe hili halihusiani na kikombe, wala na kombe la mpira.) Vilevile katika Pembe ya Afrika Wasomali waliiita sumu ya mishale waabaayo, Wafaransa wakalisikia, na mwaka 1888 Arnaud alipoitenga sumu hiyo kutoka katika mti wa Acokanthera, jina la Kisomali likapanda katika vitabu vya tiba: wabaini. Sumu hizi zote ni za ukoo mmoja. Huushika moyo, zikizuia mtambo mdogo ndani ya chembe hai unaosukuma chumvi za mwili nje na ndani, mpaka moyo ukashindwa kupiga sawasawa. Tumboni hunyonywa kidogo mno, na hiyo ni sababu mojawapo ya nyama kuweza kuliwa.

Basi majina mawili ya wawindaji wa Afrika ya Mashariki yamo katika vitabu vya madaktari wa London na Paris, ilhali orodha yetu wenyewe, iliyoandikwa kwa ajili ya Mkalama, imeona *kienyeji* latosha. Tunapendekeza *panjube* na *shanjo* yaingizwe katika Kiswahili kama yalivyo. Kihadza ni lugha yenye sauti za kudoadoa ambazo alfabeti yetu haina herufi za kuziandika, na maneno yake mengi yangetusumbua. Lakini haya mawili hayana sauti hizo, na Mswahili yeyote atayatamka bila kujikwaa. Kanuni tuliyoizoea ya kutafuta istilahi kwanza ndani ya Kiswahili, kisha katika lugha nyingine za nchi, ndipo tuende ng'ambo, haijapata mfano mwepesi kuliko huu.

Kuhusu nguvu ya upinde, orodha imeandika *uzito wa upinde*. Mwenye kusoma ataweka upinde kwenye mizani ya duka. Kinachokusudiwa ni nguvu anayohitaji mtu kuuvuta upote mpaka mwisho, na hicho ndicho kipimo cha kwanza cha mwenye kuchagua. Wahadza huvuta pinde ngumu, nyingi kati ya kilo 20 na 40 za mvuto, na kila mtu hujichongea upinde wake kulingana na mkono wake. Wavulana huanza na midogo wakiwa bado watoto, na upinde hukua pamoja nao. *Ugumu wa upinde* ndilo jina, nalo halihitaji maelezo, kwa kuwa ndivyo watu wasemavyo: upinde huu mgumu, ule laini. Tena kuna ugumu mwingine, ule wa wano. Wano likiwa laini mno kwa upinde mgumu hujipinda linapoachiwa na mshale hupotea njia. *Ugumu wa upinde* na *ugumu wa wano*: maneno mawili yanayotazamana, na mwalimu wa fizikia anaweza kuyatumia darasani kesho asubuhi.

Upote nao huchaguliwa. Wahadza huusokota kwa kano za wanyama. Orodha imeandika *mishipa*, na katika hospitali zetu mshipa ni njia ya damu. Hakuna awezaye kupinda mti mgumu kwa njia ya damu. *Kano* ndilo jina, na madaktari wa viungo wanalitumia vivyo hivyo.

Liko pia suala la kitenzi, ambalo waandika orodha hulisahau kwa sababu hupenda majina. Kiingereza kina kitenzi kimoja cha kumpiga mnyama kwa mshale na cha kuuachia mshale umwelekee, hata usipompata. Orodha imetoa *kurusha mshale* kwa yote. Kiswahili hutenga. *Kupiga upinde* au *kutupa mshale* ni kuuachia; *kufuma* ni kuuingiza mshale mwilini. Mtu aweza kutupa mishale mitatu na asifume hata mmoja. Katika chumba cha mahakama tofauti hiyo ni ile ya kujaribu na kutenda, na ni bahati njema kwamba lugha yetu imekwisha kuifanya kabla ya wanasheria. Kwamba *kufuma* ni pia kazi ya sindano na uzi hakutuzuii. Hakuna hakimu atakayedhani kwamba swala alifumwa sweta.

Vitu vya dukani, kama glavu za vidole, kinga ya mkono na darubini ya kulengea, orodha imevieleza kwa urefu, nasi hatuna ugomvi navyo. Vibaki katika kiambatisho kwa ajili ya wanamichezo. *Podo* nalo liwe na maelezo ya ziada, maana picha na maandishi mengi yanawaonyesha Wahadza wakishika mishale mkononi pamoja na upinde. Ofisa anayeitafuta podo kuwa alama ya mwindaji atamwacha mwindaji apite.

Kwa wale watakaorekebisha orodha hii, tunawashauri wafunge kitabu cha duka na kufungua kile cha James Woodburn juu ya vyombo vya Wahadza, kilichotolewa na Makumbusho ya Uingereza mwaka 1970. Si kitabu cha Kiswahili, na hakikukusudia istilahi. Lakini kinakitazama kila kitu kwa jicho la mwenye kukitumia: kimetengenezwa kwa nini, kwa ajili ya nini, na nani. Ukisoma hivyo, neno la Kiswahili huja lenyewe. Zaidi ya hapo, wako wazee wa Kinyiramba, Kinyisanzu na Kinyaturu ambao wamekuwa jirani wa Wahadza kwa vizazi vingi, na wako Wasandawe ng'ambo ya mpaka wa Dodoma, karibu na michoro ya miambani ya Kondoa yenye watu wenye pinde, iliyoingizwa mwaka 2006 katika urithi wa dunia. Walimu wa mkoa wakituandikia majina ya sehemu za mshale wanayoyasikia vijijini, pamoja na jina la lugha na la kijiji, tutayachapisha katika toleo lijalo.

Limebaki jina la watu wenyewe. Erich Obst, aliyeondoka Mkalama kwenda kwao na kuandika habari zake mwaka 1912, aliwaita Wakindiga; wengine walisema Watindiga; hayo ni majina waliyopewa. Orodha yetu inasema *Wahadzabe*, kwa nia njema ya kuwaita wajiitavyo. Lakini *-be* mwishoni mwa Hadzabe ndicho kiambishi cha wingi katika lugha yao, kwa hiyo *Wahadzabe* ni wingi uliovaa kofia mbili. *Mhadza* na *Wahadza* latosha kwa Kiswahili, na lugha yao ni *Kihadza*. Mrekebishaji aanze na hilo, kwa kuwa limo katika mstari wa kwanza wa utangulizi.